Skochi ya Mzee Longino

Anjela na Festo, vijana wangu wa kaunta, siku ile mliponiaga, baada ya keki na hotuba ndefu ya mwenye duka, mliniomba nikae niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Basi nimekaa. Hapa Ruhuwiko kumetulia, kuku wamelishwa, na mume wangu yuko shambani anajifanya analima. Sitaandika nilivyopanda kutoka kaunta hadi kushika funguo za stoo, wala nililipwa kiasi gani. Hayo hayajawahi kumfundisha mtu kazi. Nitaandika nilivyojifunza kuuza Skochi, wiski ya Uskoti, katika mji wetu wa Songea ambao nusu ya watu walikuwa hawajawahi kuiona, na nusu nyingine walidhani wanaijua. Hao wa pili ndio waliotusumbua.

Nilianza enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa duka la umma, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaambia watu hakuna. Sabuni hakuna, sukari hakuna, khanga hakuna, jaribu Jumatano. Duka lile lilipofungwa nilikaa nyumbani miezi minne, ndipo Mzee Gotfridi akanifuata. Alikuwa mnunuzi wa mahindi, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na alikuwa amefungua duka la vinywaji pale Majengo, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani. Siku hizo kila lori lililofika kutoka Makambako lilishusha kitu kigeni: biskuti za kwenye makopo, redio za kaseti, sabuni za kunukia hadi kichwa kuuma, na Skochi.

"Wewe umezoea kusema hakuna," aliniambia. "Kwangu utasema ipo. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Nilikuwa sijui ninachokubali.

Siku ya kwanza nilikuta chupa kumi na moja za Skochi kwenye rafu ya juu. Nilizifuta vumbi, nikazipanga kwa urefu kama watoto wa shule mstarini. Kabla ya saa nne akaingia bwana mmoja wa idara ya kilimo, ameshika chupa iliyofunguliwa na uso umekunjamana.

"Dada, jana mmeniuzia kitu kilichoharibika. Hebu nusa."

Nikanusa. Ilinuka bandeji za hospitali, masizi ya jikoni, na samaki wa kubanikwa wanaoletwa kutoka Mbamba Bay. Mimi ni mtoto wa mpika komoni, pombe yetu ya kienyeji. Pombe ikiharibika naijua kabla mfuniko haujaondoka. Nikamwomba radhi, nikampa chupa nyingine, na ile mbovu nikaibeba hadi uani nikaimimina yote mferejini. Chupa yenyewe ilikuwa nzuri, nikaanza kuisuuza nikifikiria kuitilia mafuta ya taa.

Nilikuwa sijamaliza kusuuza alipotokea, kutoka uchochoro wa nyuma, mzee mrefu, mwembamba, kofia mkononi na pua juu. Alisimama mbele ya mfereji kama mtu aliyefika msibani.

"Nani," aliuliza taratibu, "amemwaga Islay?"

Alitamka Aila. Mimi nilidhani ni jina la mtu.

Ndivyo nilivyokutana na Mzee Alkwini. Alikuwa mhudumu wa klabu ya Wazungu ujanani, kisha akahudumia nyumba ya wageni ya serikali hadi alipostaafu. Alikuwa anapita zake kwenda kuchukua suruali kwa fundi cherehani, harufu ikamgeuza njia. Aliingia dukani, akamweleza Mzee Gotfridi kwamba kilichomwagwa ndicho kilichokuwa kitu cha thamani kuliko vyote rafuni, na kwamba hakikuwa kimeharibika hata kidogo. Mzee Gotfridi aliketi juu ya kreti. Hakupaza sauti, hakuwa nayo ya kupaza, lakini nilijua narudi nyumbani.

"Usimfukuze," alisema Mzee Alkwini. "Amenusa sawasawa. Bandeji, masizi, samaki. Vyote vimo. Alichokosa ni kujua kwamba ndivyo inavyotakiwa iwe."

Mzee Gotfridi alimtazama, akanitazama mimi. "Basi mfundishe," akasema. "Na wewe, Gaudensia, usimwage kitu kingine leo. Hata maji."

Kuanzia hapo Mzee Alkwini alikuja kila Jumamosi asubuhi. Alileta vifaa vyake kwenye mkoba wa ngozi: tochi ndogo, kitambaa cheupe, vikombe viwili vya kuwekea mayai, na vichupa vya dawa vyenye vizibo vya mpira. Ndani ya kila kichupa alikuwa na wiski kidogo, kiasi cha vijiko viwili, aliyoihifadhi kutoka kwenye chupa za wakubwa aliowahudumia. Nje aliandika kwa penseli. Alikuwa pia na chupa tupu sita, akaziweka kwenye rafu ya chini, akaiita rafu hiyo darasa.

"Mama yako anapika komoni," aliniambia Jumamosi ya kwanza. "Kimea anakitengenezaje?"

Nilicheka. Nani hajui? Unaloweka ulezi, unautandaza, unaufunika uchipue, halafu unauanika ukauke na kuusaga.

"Basi nusu ya darasa umeshahitimu. Waskoti wanafanya hivyo hivyo kwa shayiri. Tofauti ni kwamba wao jua hawana, wanakausha kwa moto. Na pale Islay, kisiwani, kuni hawana, kwa hiyo wanachimba udongo wa majani yaliyooza, wanaukata kama matofali, wanauchoma. Moshi wake ndio ule uliomwaga."

Hajanifundisha mtu kwa lugha yangu namna ile kabla wala baada. Alisema Skochi yoyote lazima itengenezwe na ikae kwenye pipa la mti hukohuko Uskoti, si chini ya miaka mitatu. Iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri kitupu, katika kiwanda kimoja, ndiyo ile watu wanayoilipia sana. Iko ya nafaka nyingine, ngano au mahindi, ambayo ni nyepesi na tulivu, na ambayo huioni mara nyingi peke yake. Halafu iko ya mchanganyiko, ya kimea na ya nafaka zimeunganishwa na fundi anayejua kazi, na hiyo ndiyo iliyojaa duniani na ndiyo iliyojaa rafu yetu.

"Watu watakuambia mchanganyiko ni duni," alisema. "Waulize kama wanakula ugali bila mboga."

Alinifundisha kwamba umri ulioandikwa kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo, na kwamba miaka inahesabiwa ndani ya pipa tu. Chupa ukiiweka kabatini miaka ishirini, umezeesha kabati. Alinifundisha kutodanganywa na rangi, maana wengine hutia sukari iliyounguzwa ili ionekane nzito. Wateja wetu walipenda nyeusi nyeusi kama chai ya rangi, na kila mara Mzee Alkwini alikohoa nyuma yangu.

Na alinifundisha pua. Tone moja kwenye kiganja, unasugua viganja viwili mpaka pombe iruke, halafu unanusa kinachobaki. Nilinusa asali ya miombo, nikanusa zabibu kavu, ganda la mkate, majani makavu, na mara moja sanduku la nguo la bibi yangu. Kila nilichosema alikiandika. Hakuwahi kuniambia nimekosea. Wiski yenyewe siipendi, niseme ukweli. Kwa miaka yote hiyo nimekunywa pengine jumla ya bilauri mbili.

Mteja mwenye fedha nyingi ni rahisi, anataka ya juu na unampa ya juu. Mwenye fedha kidogo ndiye anayekutaka uwe fundi. Mzee Alkwini alinizoeza kuuliza kwanza nani atakunywa na atakunywaje. Kama ataichanganya na soda, usimuuzie kimea kitupu, utakuwa umemwibia kwa risiti. Kama ni zawadi kwa mtu anayekunywa polepole na maji kidogo, mtafutie mchanganyiko wenye kimea kingi, hata kama hauna umri kwenye lebo. Boksi la kung'aa na kopo lenye picha ya kulungu vimelipiwa na mnunuzi, na havinyweki. Na kama ana shaka, muuzie chupa ndogo kwanza. Atarudi kwa kubwa, au hatarudi, na vyote viwili ni heri kuliko arudi na hasira.

Sasa nifike kwa mwalimu Ditramu, maana ndiye aliyenifanya nijue kama kweli nilikuwa nimejifunza.

Nilikuwa na mwaka wa pili dukani. Alikuja siku ya Alhamisi mchana, kijana anayefundisha shule ya msingi, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na nyuma yake shangazi yake Osmunda, mama mwenye kifua mbele na mkoba kwapani. Mwalimu alikuwa anaposa. Msichana aliitwa Kasiana, muuguzi, na babake, Mzee Longino, aliishi kijijini upande wa Peramiho. Mambo yote ya posa yalikuwa yameshakwenda vizuri, majembe, blanketi, mbuzi, isipokuwa sharti moja ambalo mshenga alirudi nalo akitikisa kichwa. Mzee Longino alitaka chupa ya Skochi. Na si Skochi yoyote. Alitaka ile ya chupa ya kijani, ya kimea kitupu, ya miaka kumi na miwili. Alitaja mpaka mchoro wa lebo.

"Mzee wa kijijini ameyajulia wapi hayo?" Shangazi Osmunda aliuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemwambia.

Zamani alikuwa mshika mnyororo wa kupimia kwa wapima barabara, mwalimu alisema. Miaka tisa alizunguka na mhandisi wa Kizungu, kambi kwa kambi, kutoka huku hadi Tunduru.

Halafu akatoa kwenye mfuko wa plastiki boksi la dhahabu. Alikuwa amelipata kwa mtu fulani sokoni kwa bei ya kushangaza. Juu yake iliandikwa miaka kumi na minane. "Nimeona hii imepita hata aliyoitaka," alisema, na nikaona anavyotaka niseme ndiyo. "Nimekuja uniangalizie tu."

Niliwasha tochi ya Mzee Alkwini nikaiweka nyuma ya chupa. Ndani vilielea vitu vyembamba kama nyuzi za pamba. Pete ya kifuniko ilikuwa imeunganishwa na gundi. Kwenye lebo, jina la nchi lilikosewa herufi. Niliifungua mbele yake, nikatia tone kiganjani, nikasugua. Haikubaki asali wala mkate. Ilibaki gongo na sukari.

"Mwalimu," nikasema, "hii usimpe mtu. Usimpe hata adui."

Uso wake ulibadilika. "Unasema hivyo ili ninunue kwako."

"Nipe mkono wako."

Hakutaka. Shangazi yake ndiye aliyemshika mkono akauweka juu ya kaunta. Nilimtia tone la ile yake kiganja cha kulia, na tone la mchanganyiko wetu wa kawaida kiganja cha kushoto, nikamwambia asugue kila kiganja kwa vidole vya mkono huohuo kisha anuse. Alinusa kulia. Alinusa kushoto. Alirudia kulia mara moja zaidi, kama mtu anayesahihisha mtihani akitumaini kupata alama ya kumpa mwanafunzi.

"Watu wanapofuka macho kwa vitu hivi," alisema mwishoni, kwa sauti ya chini.

"Wanapofuka," nikasema.

Tulikuwa na ile ya kijani. Moja tu, rafu ya juu. Aliitazama bei na hakuuliza mara ya pili. Nikamshushia mchanganyiko wa bei anayoiweza, chupa ya kawaida isiyo na boksi, lebo nyeupe, umri haujaandikwa. Nilimweleza kuwa ni Skochi halali, yenye kimea cha kutosha, na kwamba kwa fedha ile hatapata bora zaidi kati ya Songea na Makambako.

Ndipo Shangazi Osmunda alipoinama, akachungulia rafu ya darasa, akaona chupa tupu ya kijani. Ya kimea kitupu, ya miaka kumi na miwili, lebo haina hata mkwaruzo.

"Si hii hapa?" akasema. "Mimina humu hiyo ya bei nafuu. Nani atajua? Mtu hajaionja miaka mingapi."

"Shangazi, hapana."

"Hapana kwa nini? Ni Skochi, umesema mwenyewe ni halali. Unabadilisha nguo tu."

Mzee Gotfridi alikuwa stoo, akasikia. Alitoka, na nilidhani anakuja kunisaidia. Alikuwa ameshika faneli. Aliiweka juu ya kaunta mbele yangu, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Gaudensia, ni ndoa ya watu. Wasaidie."

Niliitazama ile faneli. Nyumbani nilikuwa na watoto watatu na mume ambaye mwaka ule mahindi yake yalikuwa yameliwa na viwavi. Nilikumbuka miezi minne ya kukaa bila kazi.

"Mzee," nikasema, "hapa mji ni mdogo. Nikijaza leo, kila chupa niliyouza na nitakayouza itakuwa na swali. Kama lazima ijazwe, jaza wewe. Lakini kesho utafute mtu mwingine wa kusimama hapa, maana mimi sitaweza kumwambia mteja hii ni kweli na akaniamini, wala mimi mwenyewe sitajiamini."

Kwa fundi cherehani ulisikika mguu wa mashine ukienda. Mwalimu Ditramu ndiye aliyeichukua faneli akamrudishia Mzee Gotfridi kwa mikono miwili.

"Ahsante, Mzee. Lakini nikianza kwa mkwe na chupa ya uongo, nitaendelea na nini?" Akanigeukia. "Nifungie hii ya lebo nyeupe. Ila mimi sijui kuieleza. Mshenga naye hajui. Nani atakwenda kuieleza?"

Nilimtaja Mzee Alkwini. Jumamosi alipokuja nikamwomba. Alinyosha mguu wake wa kulia, uliokuwa umeanza kuvimba, akautazama.

"Mguu huu haupandi gari la Peramiho," alisema. "Nenda wewe."

"Mimi nitasema nini kwa wazee wale?"

"Utasema kilichomo ndani ya chupa. Usiongeze, usipunguze."

Mzee Gotfridi alinipa ruhusa. Wala hakulitaja tena jambo la faneli, siku hiyo wala baadaye. Ila nilipokuwa natoka alinipa mfuko mzuri wa karatasi wa kutilia chupa.

Siku ya posa tulifika kwa Mzee Longino kabla ya adhuhuri, mimi, mwalimu, shangazi yake na mshenga. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiwa mistari mistari. Sebuleni tulipangwa kwenye benchi, na Mzee Longino akakaa kwenye kiti cha mikono, mtu mfupi, mkavu, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Tulimwamkia shikamoo mmoja mmoja, akaitikia marahaba kwa kila mmoja bila haraka. Mkewe alikuwa kwenye mlango wa kwenda jikoni, na nyuma yake nguo na minong'ono ya wanawake.

Mshenga alikuwa jirani wa kina mwalimu, mtu mwenye maneno mengi. Alizunguka, akasifu nyumba, akasifu mvua, akaitoa chupa kwenye mfuko, akaiweka mezani akiigeuza lebo upande wa ukuta. "Na kile ulichoagiza, baba, kimefika."

Mposaji hatakiwi kusema siku ile. Mwalimu Ditramu alisimama.

"Mzee, nisamehe. Hakijafika. Uliagiza ya kijani ya miaka kumi na miwili. Sikuiweza. Nimekuletea niliyoiweza, na nimemleta mama wa dukani akueleze ni kitu gani."

Mshenga alifumba macho. Shangazi Osmunda alinikanyaga mguu, nadhani kwa sababu nilikuwa karibu. Mzee Longino aliigeuza chupa, akaisoma lebo kwa muda, kisha akanitazama.

"Eleza, mama."

Nilieleza. Nilisema aliyoagiza ni ya kimea kitupu, ya kiwanda kimoja, na imelala kwenye pipa miaka kumi na miwili. Nilisema hii ni mchanganyiko wa kimea na nafaka, na ndani yake huenda iko ya miaka mitatu tu, hawakuandika. Nilisema ni ya Uskoti kweli, kifuniko hakijaguswa, na itanukia asali na ganda la mkate, na moshi kwa mbali sana.

"Na ile nyingine ikoje?"

"Mzee, hilo unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayeikumbuka."

Aliigeuza tena chupa pale mezani. Halafu akasema, si kwangu, pengine kwa meza ile:

"Siikumbuki. Sijawahi kuinywa."

Nyuma ya mkewe, wanawake wakasogea mlangoni.

"Miaka tisa nimebeba kreti la yule mhandisi, lenye hizo za kijani. Nililifunga kwa blanketi langu mimi, chupa zisigongane, mimi nikalala bila blanketi. Kila jioni nilipanga meza, nikaleta maji, nikaleta glasi. Mgeni akija, alimiminiwa. Mwenye lori akipita, alimiminiwa. Mimi niliambiwa, Longino, futa meza. Siku anaondoka aliniita. Nikasema moyoni, ni leo. Akanipa chupa tupu. Akaniambia itakufaa kwa maji."

"Hujawahi kuniambia hayo," alisema mkewe pale mlangoni.

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unayanywa hayo maji."

Mwalimu Ditramu alikuwa bado amesimama, hajui kama akae. Mzee Longino alivunja pete ya kifuniko kwa mkono wake, ikalia. Nilimwona anavyousikiliza ule mlio.

"Leteni kijiko," akasema. "Na waiteni wote wa jikoni, hata bibi. Mama wa dukani utagawa. Katika nyumba hii hakuna atakayetenga meza asionje."

Waliingia wote, na wakasimama kwa mstari ukutani, na mimi nikapita na kijiko cha chai na chupa. Nilihesabu watu ishirini na wawili. Mama Kasiana alikunywa akageukia ukutani kukohoa. Kasiana mwenyewe, muuguzi, alikunywa kama anavyowanywesha wagonjwa, harakaharaka bila kupumua. Bibi alishikilia kijiko mdomoni, akafumba macho, akatangaza kwamba ni dawa ya kifua na atahitaji tena kesho. Mtu mmoja aliyekuwa Mlokole aliomba kunusa tu, akanusa, na Mzee Longino akakubali kuwa hiyo imehesabika.

Yeye alikuwa wa mwisho. Alinusa kwanza. Alikunywa, ikampalia, macho yakajaa maji, na sijui hadi leo ni kwa sababu gani kati ya mbili.

"Kumbe," alisema. Akakirudisha kijiko. "Kumbe ni hii tu." Na akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichopanda taratibu, mpaka mkewe naye akacheka, mpaka mshenga aliyekuwa amefumba macho akayafumbua. "Kaa, Mwalimu. Umesimama muda mrefu. Posa imepokelewa."

Baada ya hapo ilikuja komoni kwa ndoo, na Skochi iliyobaki Mzee Longino aliifunika akaiweka chini ya kiti chake. Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Mimi nilikaa kwenye kaunta ile miaka mingine ishirini na minne, na Mzee Gotfridi akawa anawaambia wateja wenye shaka: muulizeni huyu, huyu hadanganyi hata ukimlazimisha. Alikuwa amejaribu mwenyewe.

Lakini liko moja zaidi, na nikiliandika nitakuwa nimemaliza.

Kiasi cha mwaka mmoja baadaye, Jumamosi, Mzee Longino aliingia dukani. Alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya mjukuu wa kwanza, aliyezaliwa juzi yake. Mzee Alkwini alikuwa kwenye kiti chake, mguu juu ya kreti, vichupa vyake vimepangwa. Niliwatambulisha. Mzee Longino aliitazama rafu ya juu, akaiona ya kijani.

"Ningependa kuinusa tu," alisema. "Kununua hapana."

Mzee Alkwini alichagua kichupa kimoja, akang'oa kizibo cha mpira, akampa. Mzee Longino hakukileta puani. Kilikuwa bado kwenye usawa wa kifua chake aliposema, "Ndiyo hii."

"Umejuaje?" nikamuuliza. "Si hukuinywa?"

"Nilikuwa naosha glasi zake."

Mzee Alkwini alishusha mguu kutoka kwenye kreti. Katika miaka ile yote ya Jumamosi sikuwahi kumuuliza yeye mwenyewe aliyajulia wapi yote yale. Nilidhani wahudumu wa klabu walikunywa.

"Na mimi," alisema. "Miaka kumi na saba. Kabla ya kutia maji, unanusa."

"Unanusa," alisema Mzee Longino.

Walitazamana. Mzee Alkwini akavuta vikombe vyake viwili vya mayai, akavifuta kwa kitambaa cheupe, akakimimina kichupa chote, nusu huku na nusu huku, akaviangalia kwa tochi kama vimelingana. Hawakugonganisha. Walikunywa polepole, na mteja aliyeingia wakati huo nilimwashiria asubiri.

Walipomaliza, Mzee Longino aliinuka akaja kwenye kaunta. Nikamuuliza nimpe nini kwa ajili ya mjukuu.

"Ile ya Mwalimu," akasema. "Ya lebo nyeupe."